Kwa Mwalimu Uriam, Waliyesema Hakuamini

Mwaka umetimia, Mwalimu Uriam, tangu tukulaze kwenye kiwanja chako cha katikati ya kisiwa, peke yako, chini ya changarawe nyeupe. Mkeo, Mama Teretia, hadi leo huacha upande wako wa mkeka wazi, na mjukuu akijisahau akakaa hapo huondolewa kwa kofi la mgongoni.

Tunaikumbuka sauti yako alfajiri na jioni, ukiwa kileleni mwa mnazi unagema, ukiimba nyimbo za kanisa kwa nguvu ili kijiji kijue kwamba Mwalimu hajaanguka. Watoto walikungoja chini na vikombe vyao. Ulikifundisha hesabu karibu kisiwa kizima, na hukumchapa mtu kwa kukosea. Ulimwambia tu, "Rudi ulikotoka, utaiona njia ulipoiacha." Ulikuwa mchoyo wa kitu kimoja, nacho ni vichwa vya samaki.

Na ulikuwa muumini. Tunaliandika hili hapa kwa sababu kuna aliyelikana, tena mbele ya jeneza lako.

Jambo lilianzia darasa lako la Jumapili. Mtoto alikuuliza: kama Mungu alimwahidi Nuhu kwamba hakutakuwa na gharika tena, mbona maji ya bahari wakati wa bamvua yameingia kwenye mashimo ya magimbi ya bibi yake, majani yakageuka manjano? Ulimjibu kwamba Mungu hasemi uongo, ila husimulia. Ukasema safina ni hadithi tuliyopewa ili tujifunze kuokoana, wala upinde wa mvua si ukuta wa kuzuia bahari. Kisha ukawaendea wazee wa kanisa, ukawaomba makaburi ya kanisa yaondolewe upande wa bahari kuu, na ukakitoa kiwanja chako bure.

Mchungaji Tioti alikujibu ndani ya maneaba, ukumbi wa kijiji, watu wote wakisikia. "Mwalimu, imeandikwa kwenye Mwanzo. Ama unaamini yote, ama huamini lolote. Kuhamisha makaburi ni kumwambia Mungu usoni kwamba ni mwongo." Ukanyang'anywa darasa. Vijana wakakubandika jina la Mzee Nuhu, na ulipopita na baiskeli walikupigia kelele: "Babu, safina imefika wapi? Tuwekee nafasi na kuku wetu!" Wewe ulicheka nao. Mama hakucheka, na sisi hatukucheka.

Hayo tungeyameza. Lililotukaba koo ni la siku ya mazishi. Mchungaji alisimama kichwani pako akasema, "Tumempoteza mwalimu mzuri wa hesabu. Imani yake tumwachie Mungu, maana sisi hatukuiona." Hatukuiona! Mtu aliyekesha na wagonjwa wao, aliyesali kabla ya kupanda mnazi na baada ya kushuka! Hasira ile hatujaimaliza, na hatuoni aibu kusema hivyo. Tangu siku hiyo Mama ametaka jambo moja tu: neno lile lifutwe na aliyelisema, mbele ya watu walewale.

Mwezi wa pili mwaka huu bamvua ilikuja pamoja na dhoruba, ikaula ukingo wa makaburi ya kanisa. Tulikwenda wote, waliokucheka na tuliokupenda, tukaokota misalaba kwenye matumbawe. Kaburi la mama yake mchungaji lilibaki ukingoni, pembe moja ya saruji ikining'inia hewani.

Haikupita wiki, mchungaji akaja nyumbani na wazee wawili. Waliketi mkekani, wakaweka tumbaku ya kusokota mbele ya Mama, kama inavyompasa anayekuja kuomba. Akiipokea, amekubali. Mama aliitazama tu.

"Mama Teretia, tumekuja kwa ajili ya kile kiwanja."

"Kipi? Cha yule asiyeamini?"

"Mama, yale yalikuwa mambo ya mafundisho."

"Basi nifundishe. Wewe si unasoma neno kwa neno? Imeandikwa kwamba siku za Nuhu watu walikuwa wanakula na kunywa, hawana habari, mpaka maji yakawachukua. Sasa niambie, kijijini hapa nani alikuwa anakula na kunywa, na nani alikuwa anasema maji yanakuja?"

Mzee mmoja akakohoa. Mama akamwambia mchungaji anachokitaka: asimame kanisani Jumapili aseme, "Uriam alikuwa muumini." Maneno matatu tu.

"Hilo siwezi, mama yangu," akasema mchungaji, na machozi yalimlenga, hatutamsingizia. "Nikisema hivyo, nitakuwa nimewafundisha watu kwamba kila mmoja achague la kuamini. Neno ni Neno."

Mama akairudisha tumbaku magotini pa mchungaji. Wazee wakaanza kuinuka, wakidhani wamenyimwa.

"Kaeni chini, sijamaliza. Tumbaku yenu siipokei kwa sababu hamna mnachoniomba. Uriam aliitoa ardhi ile akiwa hai, nyinyi ndio mlioikataa. Ipo palepale. Zikeni. Ila msithubutu kuiita ardhi ya kanisa. Kila mtakayemleta, semeni mnamlaza katika ardhi ya Uriam."

Wiki hii wameanza kuhamisha, na wa kwanza amekuwa mama yake mchungaji. Amelazwa mkono wako wa kulia. Mchungaji alisali kwa sauti ya chini, akafika mahali pa kutaja ardhi, akakutaja. Lile neno jingine bado hajalisema. Mama anamngoja. Kila Jumapili hukaa mkeka wa mbele kabisa na kumkazia macho mdomoni.

Mpokee bibi huyo vizuri, Mwalimu. Tunajua utampokea.

Tunaokukumbuka ni mkeo Teretia. Wanao, Rotia hapa nyumbani na Bwebwe aliyeko Tarawa. Dada yako Mwaria. Wajukuu zako wote. Na watoto wa darasa lako la Jumapili, walioomba watajwe hapa, wazazi wao wapende wasipende.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni, na hatutamwacha yeyote kisiwani asahau: Uriam alikuwa muumini.