Bibi Arusi Hajafunuliwa

Jumatatu, 6 Julai

Na bado sijajua kama nilikosea kweli. Maana nimefanya nini hasa? Nimefagia!

Niliamka na furaha mpaka kwenye vidole vya miguu. Audax alikuwa amelala, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda, ule wenye alama ndogondogo za moto, kwa sababu mume wangu ni fundi wa kuchomelea madirisha. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu! Nikajiambia, Jeska, asubuhi kama hii ukinyamaza, mawe yatakusaidia kuimba. Nikachukua fagio, nikatoka uani. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima vya upande wa Bugendana. Nafagia, naimba. Asante Mungu kwa ukungu. Asante kwa mparachichi wa uani. Asante kwa Audax.

Jirani yetu Kadidja, yule mshonaji, akachungulia juu ya ukuta.

"We bibi arusi! Iko nini? Jumamosi tulicheza arusi yako, leo iko na fagio?"

Nikacheka. Nilidhani utani. Mara mama mkwe akatoka. Hakupiga kelele. Aliniondolea fagio taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akanishika mkono, akanirudisha ndani.

Kumbe hapa Gitega bibi arusi hashiki kazi wala hatoki nje mpaka wazazi wake waje kumfunua. Wanaleta vyakula vya jiko lake jipya, wanaomba, wanamtoa nje watu wamwone, ndipo anapika chakula chake cha kwanza. Kwa Kirundi wanaita gutwikurura. Wengi wanamaliza jambo hilo jioni ileile ya harusi, lakini basi la kwetu liliondoka mapema kurudi Muyinga, mafuta yalikuwa ya shida. Nami sijawahi kuona mtu akifunuliwa. Nimezaliwa kambi ya wakimbizi, Tanzania!

Sasa nimefunikwa. Na furaha yangu yote imefunikwa pamoja nami.

Jumanne, 7 Julai

Mama mkwe anapika, mimi nakula. Aibu! Nimekaa mkekani, kitenge kichwani, kama mgonjwa asiyeumwa popote.

Dirisha la chumba hiki amelitengeneza Audax mwenyewe, kabla hata hajanijua. Ameweka maua ya chuma kwenye pembe. Nimeamua: nitamshukuru Mungu kwa vile vinavyoonekana hapa tu. Tawi la mparachichi. Kamba ya nguo. Jogoo mmoja mwenye majivuno. Kipande cha kilima, na juu yake wingu jembamba lisilo na haraka. Uumbaji wote wa Mungu, upana wa dirisha! Na unatosha, ajabu. Nimeshukuru mpaka machozi.

Lakini kuna kitu kinanichanganya. Kila sala naianza kwa Mungu, inaishia kwa Audax. Nasema, Baba uliyeumba milima — na hapo hapo naona shingo yake akivua shati la kazi. Je, ni dhambi? Nilimuuliza alipokuja kula mchana. Akafikiri kidogo.

"Wewe shukuru tu," akasema. "Tutagawana."

Nilimpiga na mto!

Alhamisi, 9 Julai

Tumempigia simu baba, kule kwetu Mwakiro, Muyinga. Baba yangu, mzee Nazario, ni mzee wa kanisa, na sauti yake hata kwenye simu imevaa koti. Audax alimsalimu vizuri, akauliza kwa heshima ni lini watakuja kunifunua.

Simuni nikasikia mbuzi.

"Kumfunua?" baba akasema. "Mwanangu, huyo nilikukabidhi madhabahuni. Mchungaji alisali, kanisa zima likasema amina. Mimi nije kuongeza nini juu ya amina?"

Audax akasema ni desturi tu, baba.

"Najua desturi hizo. Watu watakaa, watadai pombe ya ndizi, wataanza maneno. Mama yake Jeska aliolewa kambini, kesho yake alfajiri alikuwa kwenye foleni ya maji. Nyumba ya turubai, humo ndani ungemficha nani? Na Mungu alitubariki. Au hakutubariki?"

Alitubariki, nikasema. Ningesema nini? Niliona fahari kabisa kwa mama yangu na foleni yake ya maji. Halafu nikageuka, nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni na sahani ya viazi. Alikuwa amesikia yote. Akaweka sahani, akaondoka.

Wote wawili wanampenda Mungu yuleyule! Wana hata kitabu kimoja cha nyimbo. Mimi nimshike nani?

Jumapili, 12 Julai

Wamekwenda kanisani. Mimi na jogoo.

Audax amerudi na mahubiri kichwani anihubirie, lakini katikati amesahau. Nikamuuliza, sasa Mungu alisema nini katikati? Akasema, hapo nilikuwa nakuwaza wewe.

Ninampenda mtu huyu. Lakini nilitaka kujua pia hayo ya katikati.

Ijumaa, 17 Julai

Keshokutwa Jumapili ni shukrani ya mavuno! Kila nyumba itapeleka maharage, ndizi, mihogo, kuku. Na waliooana mwaka huu wanakwenda mbele wawili wawili, wanashika kikapu kimoja kwa mikono minne, mchungaji anawaombea pamoja na mavuno. Nilipomsikia Audax akieleza nilifunga macho nikajiona: mimi, yeye, kikapu, na wimbo unapanda. Sijawahi kutaka kitu kanisani kama ninavyotaka hiki.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Nikajisogeza, nikanyoosha mkono.

"Hiyo ni kazi," akasema.

Nikakusanya Kirundi changu chote cha heshima. Nikamwomba: Mama, Jumapili nitoke. Kwa ajili ya Mungu tu. Nitarudi moja kwa moja ndani.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, hilo ndilo lililonimaliza, kwamba yeye angeweza kunitoa hata leo. Mlango si mzito. Lakini nikitolewa na mama mkwe, watu wataona msichana aliyeokotwa. Watasema, huyo hana kwao. "Na mimi sikukuokota, mwanangu. Nilikuomba kwa watu wako. Waje wakuone ulivyo."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Baba anaona wanamdai vitu. Kumbe wanamtaka yeye mwenyewe!

Kadidja alikuja jioni kunipima gauni. Nikamweleza. Akatoa pini mdomoni.

"Baba yako, vraiment, kweli kabisa, iko mkali kupita shehe wetu. Mi nilikaa ndani, wa kwetu wakakuja na mchele, wakanitoa, nikapika pilau ikaungua. Dini ilibaki palepale!"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu sikujua nafanya lipi. Kadidja akasema nitulie, nitachomwa na pini.

Jumapili, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Walitoka asubuhi, Audax na shati jeupe, mama mkwe na kikapu cha maharage kichwani. Mimi dirishani. Kanisa liko mteremko wa pili tu, upepo ukikaa vizuri nyimbo zinafika. Zikafika. Nikaanza kuimba nao, kwa Kiswahili, maana furaha yangu haijajifunza Kirundi bado. Niliimba kwa nguvu mpaka jogoo akanyamaza. Nikashukuru kwa maharage ambayo sikuyachambua. Nikashukuru hata kwa mlango. Na katikati ya wimbo — hatua za mtu anayekimbia.

Audax! Jasho, shati limetoka nje.

"Wametuita mbele," akasema. "Waliooana mwaka huu. Nimeshindwa, Jeska. Nisimame pale peke yangu kama mgane?"

Nikamrukia shingoni. Furaha gani! Halafu nikaelewa.

"Na mama?"

Akashika kichwa. Alikuwa amemwachia mama yake kikapu, mbele ya kanisa zima.

Tulikaa kitandani kama watoto waliovunja chungu. Mama mkwe akarudi. Maharage yote yamo kikapuni. Akakiweka sakafuni, akavua viatu, akakaa mkekani kwangu — hajawahi kukaa mkekani kwangu.

Kumbe alikuwa amemweleza mchungaji kwamba shukrani ya nyumba yake haijakamilika. Akamwomba Mungu asubiri. Watu walicheka, akasema. Mchungaji hakucheka.

Kisha akanyoosha mkono. "Simu. Mpigie baba yako."

Baba akapokea. Walikuwa wametoka ibadani nao. Hata sijamaliza shikamoo, akaanza: Jeska, mama yako halali usiku, panda gari uje nyumbani wiki hii na mume wako, tutawaombea hapa, yaishe. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikasema ndiyo baba! Bibi arusi asiyefunuliwa, arudi kwao! Audax alinikodolea macho. Mama mkwe akanichukua simu mkononi, taratibu vilevile.

Mama mkwe hasemi Kiswahili katika nyumba hii. Anasema ni cha sokoni. Leo amekisema, kimevunjikavunjika, sauti juu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Akamwita baba yangu bamwana, ndivyo wazazi wa maarusi wanavyoitana.

"Bamwana Nazario. Ni mi, Dorotea. Pombe mi hapana taka. Chakula hapana taka. Huyu mtoto anaimba ndani ya nyumba, na mi peke yangu ndiyo nasikia. Hiyo haiko sawa."

Nikasikia mama yangu kwa mbali akiuliza, ni nani? Ni nani huyo?

"Yeye hatakuja kwenu," mama mkwe akasema. "Bado. We kama hutaki kuja huku, kaa. Mi nitakuja kukuchukua. Mwezi huu haiishi, bamwana, mi nitakuwa kwa mlango yako Mwakiro."