Diski ya Shemeji Imelala Kabatini

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla Krismasi haijafika, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui nishike ipi. Mimi ni mama wa watoto, naishi Shieywe hapa Kakamega, nina kiofisi cha kupiga chapa, na kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu, wasifu wake na nyimbo, na wewe unajua kwetu mazishi ni Jumamosi, kwa hivyo kila Ijumaa watu wanajaa mlangoni wakiwa na huzuni na haraka.

Mama mkwe wangu alipougua nilimtunza kwangu, nikamwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko mpaka Mungu alipomchukua, na siku ya kunyoa, ile ya wafiwa kunyolewa nywele baada ya mazishi, ukoo wote ukiwa umekaa kugawa vitu vya marehemu, shemeji yangu Osiako anayefanya kazi Nairobi alisimama akatoa kitu kimefungwa kwa karatasi akasema, "Mulamwa, shemeji yangu, wewe ndio ulinishikia mama wakati mimi sikuwa. Hii ni asante yangu, uweke kwa kompyuta yako ikuwe na nafasi kubwa." Ilikuwa hadi diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kazi zote ndani ya kompyuta. Senje mmoja, shangazi wa mume wangu, akauliza, "Kwani hiyo ni ledio?" tukacheka, halafu nikalia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunishukuru mbele ya watu namna hiyo, na mpaka leo nikikumbuka moyo unajaa.

Basi diski ikatiwa badala ya ile ya zamani, nafasi ikawa kweli haijai, lakini kompyuta ikageuka konokono, kufungua kijitabu chenye picha unangoja mpaka chai inapoa, na mteja mmoja akaniambia, "Mama, hii mashine yako inafikirianga sana," akaondoka. Nilidhani ubongo wa kompyuta umezeeka, lakini fundi wangu Willis alipoipima kwa programu yake ya kupima kasi ubongo ulipata alama za juu kabisa, nikazidi kuchanganyikiwa, mpaka alipopima diski peke yake na alama zikaanguka, ndipo akaniazima diski yake, ndogo kwa nafasi lakini nyepesi kwa kazi, bila kubadilisha kitu kingine chochote, na jamani, mshauri, kijitabu kilifunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, na Ijumaa hiyo hakuna mfiwa aliyeondoka mikono mitupu.

Sasa diski ya shemeji nimeifunga kwa leso nikaiweka kabatini. Kwetu kitu ulichopewa siku ya kunyoa hukitoi mahali pake, ni kama umekataa neno la aliyekupa, na Osiako kila akipiga simu anauliza, "Diski ya mama inaendelea aje?" nami nasema vizuri, na mume wangu anasema niirudishe tu kwenye kompyuta nivumilie, na Krismasi Osiako anakuja na lazima ataomba kuiona ikifanya kazi. Nikiirudisha nitapoteza wateja, nikiiacha kabatini nitamvunja moyo mtu aliyenipa heshima. Nifanye nini?

Ni mimi mwenye shukrani iliyonikwama kooni,
S., Shieywe

Dada S.,

Pole, lakini kwanza hongera. Wake wangapi wanatunza mama wakwe na hawaambiwi hata "umefanya vizuri"? Wewe uliambiwa mbele ya ukoo mzima. Nimefurahi kwa niaba yako, na sitaki kipande cha chuma kikuharibie furaha hiyo.

Sasa acha nikugombeze. Mimi bado naandika kwa taipureta, kwa hivyo barua yako niliipeleka kwa Kipkemboi, fundi wa kompyuta zetu hapa gazetini. Aliisoma, akacheka, akauliza, "Kwani nani alimwambia ni lazima moja itoke?" Dada, kompyuta inaweza kukaa na diski mbili! Wewe na mume wako mmezunguka wee mkichagua kati ya ofisi na shemeji, na hakuna aliyewalazimisha kuchagua.

Shemeji hakukosea. Alitafuta nafasi, na nafasi alikupa. Ila nafasi ni jambo moja na wepesi ni jingine. Ubongo hata uwe mkali vipi, ukiomba picha na diski ikajikokota kuitafuta, utakaa tu ukingoja kama wateja wako. Zile alama za kwanza zilipima ubongo peke yake, na ndiyo maana zilikuchanganya. Siku nyingine pima kwa kazi yako mwenyewe: fungua kijitabu chenye picha, kihifadhi, kichape, ndipo useme mashine ni nyepesi au nzito.

Nunua hiyo diski ndogo ya Willis. Aiweke ya kwanza, programu zote na kazi ya wiki hii zikae humo. Ya Osiako iwe ya pili, kwa waya wake wenyewe kama mashine inaruhusu, maana zikishiriki waya mmoja ile nzito inaweza kuichelewesha ile nyepesi. Humo weka vijitabu vilivyokwisha kuchapwa. Na kabla Willis hajagusa kitu, nakili kazi zako kwenye flopi, zile diski bapa za mkononi, usije ukaniandikia tena ukilia.

Halafu uache hiyo "vizuri" yako ya kwenye simu. Akipiga tena mwambie diski yake ni nzito kidogo, na umeitafutia mwenzake wa kukimbia. Ni mtu mzima, hatavunjika.

La mwisho. Kijitabu cha mazishi cha mama mkwe wako, najua ulikipiga chapa wewe mwenyewe. Kiwe cha kwanza kuingia kwenye diski ya Osiako. Akija Krismasi akataka kuiona ikifanya kazi, mketishe, ukifungue. Kitachukua muda kufunguka. Mwache angoje. Akishaona uso wa mama yake, hataulizia kasi.