Blanketi la Nyanya Limeoga

Kebirigo, Jumapili, 19 Julai 1953

Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka karibu saa nne, halafu jua likatoka kali, jua la kuanikia nafaka ya wimbi. Majirani wamelishangilia kwa sababu ya wimbi wao. Mimi nimelishangilia kwa sababu ya blanketi.

Niandike kwa utaratibu, la sivyo furaha itanichanganya.

Blanketi lenyewe ni la viraka. Nyanya alilishona kwa mkono watoto wake walipokuwa wadogo, baada ya kujifunza sindano katika darasa la akina mama kanisani. Kila kiraka kilikatwa kwenye nguo iliyowahi kuvaliwa nyumbani kwetu, na katikati, kati ya viraka na kitambaa cha nyuma, alitia blanketi kuukuu la kuleta joto. Nililala chini yake utotoni mwangu mwote. Nilipopelekwa shule ya sekondari, kwenye mablanketi ya kijivu yaliyofanana yote, nililikumbuka hilo kabla sijamkumbuka mama. Jambo hili mama halijui, na halitamfikia isipokuwa aisome shajara hii.

Nilipewa jina la babu, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nyanya huniita "mume wangu", na tangu nioe mwezi uliopita humwita Kemunto "mke mwenza". Utani wa nyanya na wajukuu ni kawaida hapa kwetu, ila wa nyanya yangu una meno. Siku ya harusi alituletea blanketi, akamwambia Kemunto mbele ya watu: "Mke mwenza, nakuachia mume na blanketi. Mume hata ukimharibu, nilishamzoea hivyo. Blanketi nitakuja kulikagua."

Watu walicheka. Bosibori, mke wa kaka yangu, hakucheka sana. Amelitamani blanketi hilo tangu aolewe, na sote tulijua kwamba nyanya asiporidhika na Kemunto, litakwenda kwake.

Sasa ya juzi.

Ijumaa ni siku ya maandalio. Sisi Wasabato hufua, hupika na kupanga kila kitu kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia kazi imekwisha. Nyanya alikuwa ametuma habari kwamba atakuja kula kwetu baada ya ibada. Kemunto hakutaka Sabato hiyo imkute na kitu kichafu hata kimoja, basi akabeba nguo zote mtoni.

Na blanketi.

Hakuna aliyekuwa amemwonya. Mimi mwenyewe sikuwaza. Blanketi lile halikuwahi kuguswa na maji hata siku moja. Mchana nyanya alilihifadhi darini juu ya meko, moshi ukafukuza nondo, na kadiri miaka ilivyopita likawa na rangi moja, rangi ya moshi. Nilikua nikiamini kwamba ndivyo lilivyoshonwa: viraka vyeusi, na viraka vyeusi kidogo.

Niliporudi kutoka shuleni ninakofundisha, nililikuta limetandazwa juu ya ua, likichuruzika maji. Kemunto alikuwa amesimama kando, uso kama wa mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe. Kiraka kimoja chekundu kilikuwa kimechuja, na kiraka cheupe kilicho jirani yake kilikuwa kimegeuka rangi ya waridi.

"Maji yalitoka meusi," aliniambia. "Nikasema, nitasugua mpaka yatoke meupe."

"Yakatoka meupe?"

"Yakatoka mekundu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jua lilikuwa linashuka. Tuliliingiza ndani, zito kama ndama, tukalitundika kwenye kamba. Sabato ikaingia. Hatukuweza kulifua upya wala kulishona wala kulificha, maana lilichukua nusu ya chumba. Kemunto hakula chakula cha jioni.

Jana baada ya ibada nyanya alifika, na Bosibori nyuma yake. Sijui nani alikuwa amempasha habari. Hata kabla ya kukaa alisema, "Nyanya, umesalimiana na blanketi lako? Limebatizwa. Tena kwa maji mengi!"

Nyanya alimpita. Alisogea mpaka kwenye kamba. Kemunto alianza kuomba msamaha. Mimi, mwalimu mzima, nilitazama miguu yangu.

Nyanya alishika pindo la blanketi, akaligeuza kuelekea mwanga wa mlangoni.

"Koti la babu yako hili," aliniambia. "Alilinunua alipotoka kufanya kibarua Kericho. Nilisahau kwamba lilikuwa la buluu. Alijivuna nalo mpaka nikamchoka!"

Akacheka. Akahamia kiraka kingine, na kingine, akitaja majina kama anayewaita watu waje kula. Halafu mkono wake ukasimama kwenye kipande kidogo cha manjano, kilichokuwa na maua meupe ambayo sikuwahi kuyaona maishani mwangu.

"Kwamboka," alisema.

Huyo ni dada mkubwa wa baba. Alikufa kabla hajang'oa meno ya utoto. Kwetu hutajwa tu wazee wanapohesabu watoto wa nyanya, kisha wanaendelea na mwingine.

"Nilijua nimemweka hapa mahali," nyanya alisema. "Moshi ukanifichia. Nimetafuta mpaka nikaacha kutafuta."

Alikiweka kipande hicho shavuni, kikiwa bado kibichi. Bosibori alisogea, akakinyoshea kidole kiraka cheupe.

"Lakini nyanya, gauni lako la ubatizo limeharibika. Ona lilivyoingiwa na rangi nyekundu."

Nyanya aliinama akatazama. Ile nyekundu ilikuwa shuka aliyombebea baba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Baba yao huyo," alisema. "Alianza kunichafua tangu siku aliyozaliwa. Leo ndiyo unashangaa?"

Tulicheka mpaka Kemunto akalia, na sikujua tena analia kwa lipi. Bosibori mwenyewe alijifuta macho kwa leso.

"Na wewe, Bosibori, mwanangu," nyanya alimalizia, "ulikuwa ukilitaka lile jeusi. Hilo halipo tena. Hili ni la mke mwenzangu."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Nimerithi blanketi mara mbili.

Leo limeanikwa kutwa, nami nimeligeuza kila mara nyanya alipoagiza, maana alirudi mapema na kigoda chake akakaa kulilinda dhidi ya mbuzi. Saa kumi alipapasa katikati, akasema limekauka, kisha akatangaza kwamba leo halali kwake. Analala kitandani kwetu, chini ya blanketi, na Kwamboka atakuwa upande wa kifuani. Baba hawezi hata kuchungulia chumba chetu cha kulala, desturi haimruhusu. Nyanya yuko huru, na uhuru huo anautumia wote. Kemunto na mimi tumepewa mkeka jikoni.

Kwa sharti moja: kabla ya kulala anataka kiraka cha Kemunto. Kipande cha nguo yake mwenyewe, akishone kando ya koti la buluu.

Kemunto ana magauni mawili tu mazuri. La zambarau alilofungia ndoa, na la kijani alilokuja nalo kutoka kwao Ekerenyo. Amesimama mbele ya magauni hayo tangu nianze kuandika ukurasa huu. Nilijaribu kumshauri kwa utaratibu, faida na hasara za kila moja. Yeye na nyanya wamenifukuza.

Niko nje, ukutani penye joto la mwisho la jua. Nimesikia mkasi. Sijui ni gauni lipi, na sitauliza. Nitakiona kiraka kesho asubuhi, kikiwa kimeshonwa.