Mwenye Nyumba Mtarajiwa

Mwanangu, mwenye nyumba mtarajiwa,

Wali uko kwenye sufuria, upashe moto mwenyewe. Chumbani kwangu usigonge, fundi cherehani amelala humo na mtoto wake. Ndiyo, yule yule mpangaji uliyemtupia godoro mvuani leo asubuhi, eti nyumba itakuwa yako karibuni na unataka watu wa maana.

Sasa nimekwenda kwa wakili kubadilisha wosia. Nikifa, nyumba hii inakwenda kwa chama kinachowapangishia nyumba watu wa kipato kidogo. ~~Wewe nimekuachia chumba cha uani.~~ Hapana, nimeghairi. Ukikosa pa kulala, kapange foleni ofisini kwao na wenzio.

Godoro nimelianika. Mvua ikirudi, liingize ndani.

Mama yako, ambaye bado hajafa