Haya Zote Nilichukua Mimi

Chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa Shangazi,

Nianze na siri, maana nikianza na salamu nitaona haya niiache. Nilikuwa naongea na tumbo la Mama. Hajui mtu. Mama akilala mchana, napiga magoti kando ya kitanda na kunong'ona, “Kojoa, mdogo wangu.”

Haya, sasa shikamoo. Goti linakusumbua bado? Na kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, tena kuliko nilivyotegemea kukuandikia.

Najua Baba alikuambia kwenye simu kwamba mtoto ana tatizo dogo, kisha akakata. Halikuwa dogo. Mama alipokwenda kupigwa picha ya tumbo, nilimsindikiza kutafsiri, kwa kuwa daktari anaongea ile lugha yetu ya darasani tu, na Mama haielewi. Mimi, ninayejificha wageni wakija.

Daktari alituonyesha kwenye skrini: kibofu kimejaa kama puto, figo zote mbili zimevimba. Akasema watoto wengine wa kiume huumbika na kijiutando ndani ya njia ya mkojo. Mkojo haupiti vizuri, unarudi juu na kuharibu figo. Kumtafsiria Mama hilo, niliona haya. Nikasema ni kule, kwa chini, kwa mbele. Mama akanishika mkono.

“Sema tu, mwanangu. Humu ndani nani alizaliwa na suruali?”

Nikasema. Masikio yaliwaka moto hadi nyumbani.

Jioni ile Baba aliweka sahani kando, na spana yake bado iko mfukoni. Unamjua kaka yako, kwa ufundi bomba hana mpinzani.

“Nimezibua mabomba ya mtaa mzima,” akasema, “la mwanangu mkono haufiki.”

Kesho yake ndipo nilipoanza kunong'ona. Nilimwambia mtoto haya zote za nyumba hii nimeshachukua mimi, yeye asihangaike nazo.

Basi amezaliwa, Shangazi, na sauti kama honi ya lori. Wakamwekea mpira wa mkojo papo hapo. Siku chache baadaye daktari wa upasuaji akaingiza kamera nyembamba kama njiti, akakikata kile kijiutando. Jumanne wakautoa mpira, tukasubiri kama atakojoa mwenyewe. Muuguzi alimwambia Baba asogee nyuma. Hakusogea.

Mkojo ulipaa. Ulimpata Baba kifuani, na miwani ya daktari ikapata fungu lake. Mbele ya watu wote wale, bila haya hata chembe. Baba alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akagoma kubadili shati. Alimwonyesha hadi mlinzi wa getini. Mama alikuwa analia na kucheka, hajui ashike lipi.

Figo moja bado inaangaliwa, tutakuwa tunarudi kliniki. Daktari mwenyewe ametabasamu, nami nimelala usingizi wa kweli.

Jina bado, Baba anamwita Chemchemi. Nisalimie Bibi, na wale mapacha wako watundu. Mungu akulinde mpaka uje umpakate, na uje na taulo.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako, yule wa nyuma ya mlango

Nasikia ndara za Baba zinakuja, anacheka peke yake. Anaulizia shati lingine. Naificha karatasi chini ya mto.