Kikapu cha Baba Wanja

Jumapili, Majengo. Ukungu umekalia mji tangu asubuhi. Mlima hauonekani, na mimi pia sitaki kuonekana.

Shajara, wewe unanijua. Kutoka hapa mpaka Nanyuki hakuna shabiki anaijua ile timu yetu ya zamani ya mpira wa kikapu ya Ruring'u kunishinda. Mastaa kila mtu anawajua. Mimi najua wale wa mwisho kwa benchi. Namjua Feni, ambaye akipewa mpira alikuwa anazunguka, anazunguka, mpaka refa anashikwa na kizunguzungu. Namjua Pasta, aliyeuombea mpira wa adhabu kabla ya kuurusha, na akifungua macho anakuta timu zote mbili zimeenda kunywa soda. Kulikuwa pia na jamaa mmoja muuza nyama wa buchari, aliyeruka juu sana hivi kwamba akirudi chini, mvua imeanza. Nisipowakumbuka mimi, nani atawakumbuka?

Ndio maana, kwa mdomo huu wa hadithi, jana nilichaguliwa kuwa msemaji. Mpwa wangu Ndiritu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaenda mara ya kwanza nyumbani kwa Wanja, msichana anayetaka kuoa, upande wa Mweiga. Kwetu kijana haongei siku kama hiyo. Anaongea mzee wake, na mzee akiharibu, ameharibia kijana.

Ndiritu alinishika mkono. "Anko, tafadhali, leo usiongeze chumvi."

Mimi? Chumvi?

Kwa gari tulilokodi niliwapa wazee hadithi yangu kubwa, ile ya Shingo. Shingo alikuwa mrefu kama mlingoti wa stima, na alikaa benchi mpaka benchi likachukua umbo lake. Siku moja mechi imekaza, mtu akaumia, Shingo akaingizwa. Timu zilikuwa zimebadilishana upande baada ya mapumziko, lakini kichwa chake kilibaki kipindi cha kwanza. Akanyakua mpira, akakimbia peke yake, akafunga safi kabisa.

Kwa kikapu chetu.

Halafu akapiga magoti, akafumba macho, akamshukuru Mungu, uwanja mzima ukimcheka. Tulishindwa kwa kikapu hicho hicho. Shemeji yangu Gathogo alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayafuta.

Tukafika, tukaimbiwa langoni na akina mama, tukaingizwa. Msemaji anakalishwa ndani kabisa, nyuma ya meza, mgongo ukutani. Hapo hutoki mpaka wazee wasimame, na wazee hawasimami kabla ya mazungumzo kuisha. Sahani ya nduma mbele yangu, ukuta nyuma, Gathogo kushoto na mwili wake wote.

Baba ya msichana akaingia. Aliinama mlangoni ili asigonge kichwa.

Nilimjua kwa shingo.

Ningenyamaza, mambo yangepita. Lakini nyumba ilikuwa kimya, kile kimya cha wakwe wasiojuana, na Gathogo akaona atusaidie. "Huyu wetu ako na hadithi ya mpira wa kikapu, mtacheka mlie! Hebu wape!"

Nikamkanyaga mguu.

"Sasa mbona unanikanyaga?"

"Simulia, mgeni," mwenye boma akasema. "Hata mimi nilicheza kidogo." Mkewe akamwangalia kama amesema aliwahi kuwa rubani.

Nikaanza. Nilieleza uwanja, nikaeleza hali ya hewa, nikaeleza mpaka viatu vya refa. Lakini hadithi ina mwisho wake, na lazima mtu afunge kwa kikapu cha timu yake mwenyewe. Ndiritu alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikasema, "Na huyo mjinga alikuwa mimi."

Mimi, ambaye sijawahi kukubali kushindwa hata kwa drafti!

"Wacha!" Gathogo akaruka. "Si kwa gari ulisema ni jamaa mrefu? Wewe ungefikia kikapu na ngazi ya nani?"

Nyumba ikacheka. Baba Wanja hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mgeni," akasema, "umevaa jezi yangu."

Ndiritu akashika kichwa.

"Nilikaa benchi miaka yote ile. Kikapu nilichofunga maishani ni hicho kimoja, hata kama kilikuwa chetu wenyewe. Na wewe unakuja kuninyang'anya ndani ya nyumba yangu, mbele ya mke wangu?"

"Kumbe ulicheza kweli!" mkewe akasema.

Wazee wao wakanong'onezana, wakanitoza kondoo mnono kwa kosa la kuiba kikapu cha mwenye boma. Na wakatoa sharti. Tutarudi mwezi ujao, ndugu zake wote wakiwepo, na msemaji awe mimi, si mtu mwingine. Nisimulie upya, kikapu kikiwa na mwenyewe. Ndiritu atapata jibu lake baada ya hapo.

Tukiondoka, mzee alinisindikiza mpaka kwa gari, mkono wangu umepotea ndani ya wake.

"Mkwe," akaniita, sauti chini. "Siku ile nilikuwa nimefumba macho, halafu kocha akanitoa mbio. Nilipofunga, watu walifanya nini?"

Nikamwambia walisimama.

Na si uongo. Uwanja mzima ulisimama, watu wakishika mbavu, wengine wakishikana wasianguke. Lakini niliona alivyoinyoosha ile shingo, nikaachia hapo.

Sasa nimekaa hapa na sioni mlango. Nikisimulia yote, pamoja na kile kicheko, nimemwaibisha mzee, na Ndiritu amempoteza Wanja. Nikisimulia nusu, Gathogo atakuwa kushoto kwangu, na nusu ile nyingine ameshaisikia. Mzee akiniuliza mbele ya ndugu zake, mimi nikiwa nyuma ya ile meza, walisimama kwa nini, nitamjibu nini?