Kata Huo Mwasumini

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kiswere tu wazima. Babu yako mguu umepona, na kelele zake zimerudi.

Lakini swali lako limenichefua. Mwasumini niliokupa umemaliza kuchanua, umebaki vijiti virefu, jirani anakwambia uukate, nawe unakataa eti kwa sababu umetoka mkononi mwa bibi! Heshima gani hiyo?

Mama yangu alipofariki, mwasumini wake ulibaki uani na hakuna aliyethubutu kuugusa. Tuliuogopa kama kaburi. Ukarefuka ovyo, maua yakawa ya kutafuta. Mwaka wa pili, ulipomaliza kuchanua, shangazi yangu akaja na panga, akaanza kuukata. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Shangazi, unamzika mama mara ya pili?"

Wala hakusimama. "Mama yako alikuwa akiukata mwenyewe kila ukimaliza kuchanua. Nyie ndio mlioamua kuuzika."

Nilimnunia. Mvua ziliponyesha ukachipua kila pahali, na kikuba cha harusi yangu kilitungwa kwa maua yake. Shangazi alikinusa, akakibandika kifuani pangu kana kwamba hatujawahi kugombana. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi!

Sasa wewe unanifanyia mambo ya marehemu, na mimi niko hapa natafuna muhogo. Shika kisu leo, ubakize shina fupi, umwagie maji. Nikija Idi nataka kikuba cha kuvaa.

Bibi yako, ambaye hajafa,
Mwanahawa